Sikio la Modena: Neno la Kabla ya Supu

Tulimwacha Learco Bonfatti amesimama mezani, glasi ya divai nyekundu mkononi, watu wote wanamtazama mdomo. Wiki nzima amesimama hivyo, maskini, na supu inapoa.

Kwa aliyechelewa kufika, huyu ndiye mzee wanayemwita Sikio la Modena. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi anaandika juu ya magari mapya ya kifahari katika gazeti la Rettilineo, na sifa yake ni moja. Huketi ndani ya gari, hufumba macho, husikiliza injini, kisha huandika kama daktari aliyeweka sikio kifuani pa mgonjwa. Matajiri hawatoi fedha kabla hawajamsoma. Wenye viwanda hawalali wakimngoja.

Siri yake nayo ni moja. Hasikii. Ni majira mawili ya baridi sasa, masikio yote mawili yamekufa kama redio iliyochomolewa waya. Ajuaye ni Iole, mkewe, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma midomo pale jikoni, mikono yake ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akikunja tambi na kumtamkia majina ya majirani mpaka akayajua yote kwa macho.

Asubuhi ya siku ile Learco alikuwa amelionja gari jipya la nyumba ya Scarduelli, waunda magari, liitwalo Garbino. Garbino ni upepo wa kusini-magharibi, ule unaowaumiza watu kichwa na kuwagombanisha na wake zao. Sijui nani alilichagua jina hilo, lakini alibashiri vizuri.

Waandishi hupangwa wawili wawili kwa kila gari. Mmoja anaendesha, mwenziwe anaketi, na katikati ya safari wanabadilishana. Learco alipangwa na Fosca Malavasi wa gazeti pinzani. Ndani ya handaki, gizani, Fosca alimwuliza jambo. Hakujibu. Akamwuliza tena. Hakujibu. Walipotoka mwangani Fosca alikuwa anatabasamu kama paka aliyegundua mahali maziwa yanapowekwa.

Na sasa wako juu vilimani, katika mkahawa wa Mama Argia, mbele ya desturi ya nyumba ya Scarduelli. Tangu enzi za babu mwanzilishi, kabla ya supu, mwandishi mzee kuliko wote husimama na kutoa neno la kwanza juu ya gari jipya. Mafundi waliolijenga husimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi, wasikilize. Mpaka neno litoke, hakuna anayegusa kijiko.

Gherardo Scarduelli, mjukuu wa babu na mkurugenzi wa leo, ndiye aliyemwuliza. "Sikio, tuambie. Kule kwenye kona za juu, injini ilipopanda, ulisikia nini?"

Hapo ndipo tulipoishia.

Learco alitazama sahani yake. Tambi za Mama Argia zilikuwa zimelala kwenye supu, zimekunjwa ndogo ndogo kama vitovu vya watoto. Akamtazama Fosca. Fosca alikuwa amekunja mikono, anangoja.

Akajisemea moyoni, mficha uchi hazai. Leo namaliza.

"Sikusikia kitu," akasema.

Alikuwa na sentensi ya pili. Aliitengeneza njiani, kona baada ya kona, akaipiga pasi kama shati la harusi. Ilisema hivi, "Masikio yangu yamekufa, nimewaficha, nisameheni." Lakini sentensi ile haikupata nafasi ya kutoka.

Kijiko kilianguka. Yeye hakukisikia, aliona tu supu ikiruka na kumchafua tai jirani yake. Aliyekiangusha ni Mhandisi Vezzali, fundi mkuu wa injini, mtu mrefu, mwembamba, ambaye kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilikatwa na feni ya injini ujanani, kikabaki nusu. Vezzali alisimama. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kitambaa cha meza.

Meza nzima ikafunguka midomo kwa pamoja. Mtu anayesoma midomo anaweza kumsoma mmoja, wawili akijitahidi. Midomo kumi na kitu ikienda kwa mara moja ni kama kusoma gazeti lililokuwa linawaka moto. Learco alinyakua maneno machache tu. "Amejua." "Haiwezekani." "Mimi pia nilishangaa."

Katika fujo ile Vezzali alimtazama, akasogeza midomo polepole bila kutoa sauti. "Hatimaye."

Learco, kwa mazoea, akaitikia kwa kichwa.

Lilikuwa kosa dogo sana, msomaji, nalo likumbuke. Mtu mwenye masikio asingeitikia neno lisilotoka.

Gherardo alikuwa tayari amemshika kiwiko. "Twende juu," mdomo wake ulisema. "Sisi wawili."

*

Juu ni darini, mahali Mama Argia anapohifadhi mapipa yake ya siki, kubwa mpaka dogo, kama familia iliyopangwa kupigwa picha. Harufu yake inashika koo. Na kulikuwa na kiza.

Gherardo akaanza kusema, na Learco akaona kidevu tu kikipanda na kushuka. Akatembea bila haraka mpaka dirishani, akalifungua, akamgeuza mkurugenzi kwa mabega mpaka jua likamkaa usoni.

"Endelea," akasema.

Gherardo akajiona kama mtuhumiwa mbele ya taa ya polisi. Alikuwa amesikia kwamba Sikio ana moyo mgumu, lakini si kiasi hiki.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia kitu." Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Tangu majira mawili ya baridi hakuna aliyemwambia kitu kikaingia.

"Ni Vezzali?"

"Mhandisi hajanipa hata habari za asubuhi." Au kama alimpa, alimpa mgongoni.

"Basi umezijuaje spika?"

Learco aliona neno lile kwenye midomo, akadhani amekosea kusoma. "Sema tena, taratibu."

"Usinidhihaki, mzee wangu. Spika. Za milangoni na za juu ya kichwa. Unataka nilie?" Gherardo akaketi juu ya pipa. "Sheria za kelele zimetukaba koo. Injini ndogo, bomba la moshi limezibwa mpaka linapumua kwa pua moja. Mteja anatoa fedha za nyumba tatu, anakanyaga mafuta, anapata sauti gani? Ya friji. Tungefanya nini? Tukachukua gari la babu, lile jekundu, Vezzali akalitegea vinasa sauti, tukairekodi injini yake usiku na mchana. Ukikanyaga Garbino, anayenguruma ni babu."

Sasa Learco akaelewa, na kwa muda hakujua acheke au aketi. Waandishi wote wa magari wa Italia walipanda kilima kile asubuhi wakiwa na masikio mazima, wakadanganyika. Kiziwi peke yake ndiye aliyesikia kwamba gari halina sauti.

"Niambie ukweli," Gherardo akasema. "Mle ndani haiwezekani kusikia tofauti. Wataalamu wamepima. Wewe ulijuaje?"

"Nilikaa juu yake."

"Maana yake?"

"Maana yake nilikaa juu yake, Gherardo. Makalio hayanunuliwi." Learco akaegemea dirisha, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye gari, akasahau kuogopa. "Gari lako ni zuri. Nakuambia hivyo kwa dhati. Usukani mwepesi lakini hausemi uongo, unaijua kila kokoto. Breki zinakamata kama mkono wa mama mtoto akikimbilia barabarani. Ile kona chini ya kanisa niliiingia kwa mwendo wa kijinga, mwendo wa mtu aliyechoka kuishi, nalo likainama kidogo, likanipitisha, likanisamehe. Kiti kimeshonwa na mtu anayependa watu. Ngozi ya usukani, mshono wake uko ndani, hautoboi kidole gumba."

"Basi?"

"Basi, chini ya hayo yote, kimya. Nililipanda gari la babu yako ujanani. Lilikuwa linatikisa mpaka meno ya bandia ya abiria, na lilikuwa linachechemea kidogo, silinda moja inachelewa, kama mzee mwenye nyonga mbovu. Lako, ningeweka yai gotini likafika zima. Ni cherehani iliyofunikwa kwa mto. Gari zuri, lakini linaazima mdomo wa marehemu."

Uso wa Gherardo ukabadilika, ukawa laini, na Learco, ambaye siku hizi anaishi kwa kusoma nyuso, akajua kuna kitu anauziwa.

"Njoo kwetu," Gherardo akasema.

"Wapi?"

"Kiwandani. Garbino la pili, sauti yake uichague wewe. Uwe bwana wa sauti. Chumba chako peke yako, hedifoni bora kuliko zote duniani, jina lako mlangoni. Utasikiliza kutwa, utasema hii ndiyo, hii siyo."

Learco alicheka. Alicheka mpaka akashikilia pipa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masikio yafe.

"Gherardo, mwanangu, umemwendea kipofu umpe kazi ya kuchagua rangi."

Mkurugenzi alidhani ametukanwa kwa methali. Akasimama, akafuta suruali yake vumbi la pipa.

"Sawa," akasema. "Kama hutaki kwa mema, hayo masikio yako tutayaona mbele ya watu."

Akashuka ngazi. Learco alibaki na mapipa, akijaribu kukumbuka kama aliisoma sentensi ile ya mwisho sawasawa. Aliisoma sawasawa.

*

Chini, supu ilikuwa imepoa kabisa, na Mama Argia alikuwa anazunguka meza akiirudisha jikoni sahani baada ya sahani, uso umekunjamana kama aliyefiwa. Hakuna aliyemwona. Waandishi wote walikuwa wameinamia simu zao, kwani mafundi wa mlangoni walikuwa wamekwisha toboa siri ya spika.

Ottorino Pelloni, mwandishi mnene mwenye sauti nzuri ya redio, alikuwa amekwisha andika makala yake mapema, pale maegeshoni, kabla hata injini haijapoa. Ilisema mngurumo wa Garbino unaingia mpaka kwenye uboho. Sasa alikuwa anafuta kwa kidole gumba, neno moja moja, jasho linamtoka.

"Learco," akasema alipomwona, "nilikuwa na shaka tangu mwanzo. Muulize yeyote."

"Uliandika nini?"

"Niliandika mngurumo." Pelloni akafikiri. "Lakini niliandika kwa shaka."

"Kwa uboho au bila uboho?"

"Uboho nimeutoa."

Learco akampigapiga bega, akatoka nje. Alihitaji hewa, na alihitaji kumaliza sentensi yake mbele ya mtu fulani.

Fosca alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi wa mawe nyuma ya mkahawa, pale bonde linapoonekana lote mpaka Modena, miguu inaning'inia kama msichana wa shule. Alipomwona anakuja aliruka chini, akampita, akaenda kusimama nyuma yake.

Learco alibaki anatazama bonde. Alijua anachofanyiwa. Hakugeuka, kwa sababu hakujua ageuke lini.

Kisha Fosca akaja mbele.

"Nimekuambia nyumba inaungua," akasema. "Halafu nimekuambia Iole amepiga simu, anakutafuta analia. Halafu nimekutukana tusi ambalo marehemu bibi yangu alikuwa analiweka kwa ajili ya makasisi tu. Mzee Learco, tangu lini?"

"Majira mawili ya baridi."

"Na umeandika magari yote yale."

"Kwa makalio, kwa nyayo, kwa kiganja. Soli za viatu vyangu ni nyembamba kama karatasi, zitazame. Sikumdanganya msomaji juu ya gari hata siku moja, Fosca. Nilimdanganya juu yangu tu."

Fosca akakaa tena ukutani. Alionekana amechoka ghafla.

"Unajua nilifanya nini asubuhi, pale juu, wakati naendesha? Nililia. Mngurumo ule ulipopanda nilimkumbuka baba yangu. Alikuwa akinipeleka pembeni mwa barabara nikiwa na miaka sita, tuyasikilize magari ya Scarduelli yakijaribiwa. Nikalia, mwanamke mzima, mikono kwenye usukani. Kumbe nalilia spika." Akatema pembeni. "Debe tupu. Na mimi ndiye niliyevuma zaidi."

"Hukuvuma. Hujaandika bado."

"Ndiyo maana nimekaa hapa. Nina makala mbili kichwani. Moja inasema gari halina sauti. Ya pili inasema Sikio halina masikio. Nikiandika ya kwanza bila ya pili, mimi ni mwongo kama wao. Nikiandika ya pili, Scarduelli atacheka, atasema, mnamwamini kiziwi? Na gari litauzwa na babu yake ndani."

"Nilisimama nikiri. Uliniona."

"Nilikuona. Ulisema neno moja wakakufanya nabii." Akamtazama usoni, na akatamka kila neno kwa uangalifu, kama Iole jikoni. "Sikiliza. Yaani, tazama. Maliza sentensi yako mwenyewe kabla hatujashuka kilima hiki. Usipoimalizia wewe, nitaimalizia mimi. Sikuchukii, mzee wangu. Lakini nimedanganywa mara moja leo, inatosha."

"Ukurasa wangu utakufa."

"Ndiyo."

"Sijui kazi nyingine."

"Najua," Fosca akasema, na hakuyaondoa macho.

Learco alitaka kujibu. Lakini Fosca aligeuza kichwa ghafla kuelekea uani, kama mbwa aliyesikia geti, na Learco akajua kwamba kuna mtu anaita.

*

Uani palikuwa na ghala la zamani la nyasi, la mbao nene zilizopakwa rangi ya damu ya mzee. Ndimo walimoweka gari la babu, lije lipigwe picha pamoja na Garbino, mjukuu wake mpya. Mlangoni pake walikuwa wametandika zulia jekundu kwa ajili ya wapiga picha, zulia nene, la kuzamisha kisigino.

Gherardo alisimama juu ya zulia lile. Waandishi walikuwa wamemzunguka, simu zimeinuliwa, na kila simu ilikuwa inarusha picha kwa watu wasiojulikana idadi.

"Rafiki yetu Bonfatti," Gherardo akasema, akihakikisha anatazama simu, "amesema hakusikia kitu. Sifichi. Ndiyo, tumemrekodi babu. Babu ni wetu, sauti ni yetu. Lakini je, kuna sikio la binadamu linaloweza kumtenga babu na mjukuu? Kama lipo, ni lake. Magari yote mawili yamo ghalani, madirisha wazi. Nitawasha moja, nitazima. Nitawasha la pili, nitazima. Atuambie lipi la kweli. Akiweza, naziondoa spika kwenye kila Garbino. Akishindwa, tuletewe supu tule, na asiwepo wa kuandika neno spika."

Watu wakapiga makofi. Learco aliona mikono.

"Na kwa kuwa Bonfatti mwenyewe ametuandikia mara mia kwamba injini husikilizwa kwa macho yaliyofumbwa." Gherardo akachukua leso ya mezani kutoka begani mwa Mama Argia, akaikunja mara mbili, akatabasamu. "Tutamsaidia kuyafumba."

Hapo, msomaji, ndipo mzee alipokwama. Bila macho hana midomo ya watu. Bila midomo hana kitu. Kamba anayofungwa nayo aliisokota mwenyewe, kwa kalamu yake, wiki baada ya wiki, akiona anaandika vizuri.

Akamtafuta Fosca. Fosca hakutikisa hata jicho. Alikuwa amesema lake.

Learco akainama, akavua viatu, akavua na soksi, akazikunja akaziweka ndani ya viatu kama Iole anavyotaka. Waandishi wakanong'onezana. Pelloni akaiambia simu yake kwamba hivi ndivyo mabingwa wanavyofanya.

"Mhandisi," Gherardo akasema, "mfunge macho, umsimamishe kwenye zulia. Mimi nitawasha mwenyewe. Leo simwamini mtu."

Akaingia ghalani, akajifungia.

Jambo la mwisho aliloliona Learco ni kifundo cha tai ya Vezzali. Kisha leso ikashuka, ikinuka unga na sabuni, na dunia yote ikaondoka.

Alisimama. Nyayo zake zilizama kwenye zulia kama kwenye mkate ambao haujaiva. Akatega vidole vya miguu. Hakuna kitu. Ghala lingeweza kuwa linanguruma, lingeweza kuwa limelala. Watu wangeweza kuwa wanamcheka. Akajua zulia limemmaliza.

Basi ni sasa, akajiambia. Sentensi ya pili.

Akavuta pumzi. Mkono ukamshika mkono.

Ulikuwa mkono mkavu, mgumu, wa mtu wa spana. Ukamvuta hatua moja mbele, nyingine, mpaka mguu ukaliacha zulia ukagusa jiwe baridi. Kisha ukakichukua kiganja chake, ukakibandika kwenye mbao za mlango wa ghala, ukakifunika. Vidole vinne vilimfunika sawasawa. Cha tano kilifika nusu.

Vezzali. Yule aliyezificha spika. Na anajua. Kumbe kile kichwa kilichoitikia neno lisilo na sauti kilionekana na mtu mmoja.

Learco hakupata muda wa kujiuliza mtu huyu anamwokoa au anamsukuma shimoni, kwa sababu mbao zikaamka.

Zilitetemeka mpaka kwenye kiwiko. Zilipanda bega, zikaingia kwenye taya. Na katikati ya mtetemo ule palikuwa na kile kichechemeo, silinda moja inayochelewa, nyonga mbovu ya mzee anayepanda ngazi. Learco akatabasamu chini ya leso bila kujua. Karibu, babu.

Mbao zikatulia.

La kwanza ndilo la kweli, akafikiri. Sasa la pili litakuwa cherehani, nami nitasema nililosema, nitashinda, na nikishinda nitakiri nikiwa mshindi. Itauma kidogo tu.

Mbao zikaamka tena.

Zikatetemeka mpaka kiwiko, mpaka bega, mpaka taya. Na katikati, ile silinda inayochelewa. Ile nyonga.

Learco alibana kiganja kwenye mbao mpaka kikauma. Hakukosea. Gherardo alikuwa ameliwasha gari la babu, akalizima, akaliwasha lilelile tena. Garbino lilikuwa limekaa ndani kimya, funguo zake mfukoni. Sikio likisema la kwanza, limekosea. Likisema la pili, limekosea. Na watu wote pale nje, wenye masikio mazima, walikuwa wanatikisa vichwa na kukubaliana kwamba kweli, hakuna binadamu anayeweza kutofautisha.

Mbao zikatulia. Sasa wanamngoja. Alijua kwa ngozi tu, kama mtu anavyojua kwamba chumba kina watu.

Alikuwa na kweli mbili mdomoni. Moja ilisema magari yale ni gari moja. Ya pili ilisema hajalisikia hata hilo moja. Akitoa ya kwanza wataiuliza imetoka wapi, na mkono wake uko mlangoni, mbele ya simu zote zile, unajieleza wenyewe. Hakuna tena njia ya kutoa moja na kumeza nyingine.

Kidole nusu kikambonyeza kifundo cha mkono.

"Fungueni mlango," Learco akasema. "Shikeni boneti zote mbili. Atakayegusa injini ya moto asimame mkono wa kulia, na atakayegusa ya baridi asimame mkono wa kushoto. Halafu nitawaambia nilijuaje, na nikishawaambia mtafute mtu mwingine wa kuwaandikia ukurasa ule."

Mbao zikamtoka kiganjani. Mlango ulikuwa unafunguka. Hewa ya joto ikampiga usoni, ina harufu ya mafuta na nyasi kuukuu, na kwa kila upande alihisi watu wakipita mbio, mabega yakimgonga, upepo wa makoti.

Kisha mbio zile zikasimama zote kwa pamoja.

Kila mtu uani pale alikuwa anakiona kilichokuwemo ghalani. Mtu mmoja tu, leso machoni na masikio yaliyokufa, ndiye aliyekuwa hajui. Akanyoosha mkono kumtafuta Vezzali amwulize.

Mkono wenye kidole nusu haukuwepo tena.